Kuacha kutetemeka si nafuu

Kaka, umeuliza kama mpagazi mwenzako aliyelowa mvua njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, kisha akaacha kutetemeka na kupumua taratibu, alikuwa anapata nafuu. Hapana, alikuwa anazidiwa. Mwanzoni baridi humfanya mtu aheme haraka, maana misuli inayotetemeka huchoma sukari na oksijeni nyingi ili itoe joto. Joto la mwili likikaribia nyuzi 32 za Selsiasi, mtetemo hukoma, uchomaji wa nishati hushuka, na ubongo unaozubaa hupunguza kasi ya pumzi. Hapo mvueni nguo mbichi, mfunikeni blanketi kavu hadi kichwani, alale, asitembezwe, na waokoaji waitwe upesi. Uji wa sukari ni wa yule anayetetemeka bado na kumeza vizuri. Pombe kali, jamani, acheni: hutanua mishipa ya ngozini, joto likapotea.