Dhahabu ya mama: sefu au benki?

Dada yangu, umeuliza ununue sefu ya kuwekea dhahabu ya marehemu mama na hati ya nyumba, hapo Mji Mkongwe, au upeleke benki. Nunua sefu, lakini usiifunge ukutani. Kuta zetu za mawe na chokaa hupukutika, bolti haishiki vyema. Tafuta sakafu ya zege uifunge hapo kwa bolti. Ikikaa bila kufungwa sakafuni, mwizi ataibeba nzima akaivunjie kwao! Dhahabu haidhuriki na unyevu. Karatasi ndiyo huota ukungu, masika hasa, kwa hiyo hati itie kwenye mfuko wa plastiki, nakala mpe kaka yako. Kasha la njumu la bibi libaki la kanga tu, maana vidroo vyake vya siri kila mtu anavijua. Benki? Kwanza uliza kama tawi lako linapokea amana za vitu. Na namba za kufungulia, hata shoga yako asizijue.