Jibu: Tuchange nini kwa familia za mafuriko?
Mkuu, umeuliza tupeleke nguo au chakula kwa waliohamishwa na maji huku mwaloni, maana kipindupindu kimeshaingia. Nguo zisubiri. Pelekeni ndoo zenye mfuniko na koki, sabuni na vidonge vya kutibu maji. Ndoo ya wazi kila mtoto anachovya kikombe na vidole humohumo, dawa inakuwa kazi bure. Mwaka 2015 kule Kagunga, Kigoma, wakimbizi wa Burundi walikunywa maji ya ziwa bila kutibu, vyoo hakuna; kipindupindu kikawavamia. Anayeharisha aanze kunywa ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) palepale huku akipelekwa kituoni. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Ila muoneni mwenyekiti wa mtaa kwanza, msije mkazuiwa getini na mizigo yenu.