Matairi ya kiangazi kwa gari la Malindi

Ndugu, umeuliza kama majaribio ya matairi ya kiangazi (yaliyotengenezewa miezi ya joto) ya ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, yana maana kwa gari la hapa Malindi. Yana maana sana, ila kabla ya jumla ya alama soma matokeo ya breki kwenye lami yenye maji. Masika ikishika njia ya Mombasa, hapo ndipo roho za watu zilipo. Tairi lenye picha ya mlima na theluji likatae hata kwa bei ya kutupa. Mpira wake umetengenezewa baridi, joto letu litaula upesi. Hakikisha saizi iliyopimwa ni yako. Kisha tazama tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni mwa tairi: 2315 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23, mwaka 2015. Hilo limezeeka, usinunue hata likiwa linang'aa.