Alama ya kuuliza si kebo mbovu: kwa vijana wapya wa Linux

Vijana wangu, wiki hii tena nimemkuta mmoja wenu chini ya meza, koleo mkononi, anakata kichwa cha kebo kilicho kizima. Nilipomuuliza kulikoni, akanionyesha alama ya kuuliza kwenye ikoni ya mtandao. Juu ya meza hiyohiyo `git pull`, amri ya kuvuta msimbo kutoka mtandaoni, ilikuwa inashuka bila kukwama. Hebu tuongee.

1. Jueni anayesema ni nani. Ikoni haisomi kadi ya mtandao, inasoma jibu la NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux nyingi za mezani. Kwenye Ubuntu, NetworkManager hutuma ombi la HTTP kwenda connectivity-check.ubuntu.com, kwenye Fedora huvuta kifaili kiitwacho hotspot.txt kutoka fedoraproject.org. Jibu likija kama linavyotarajiwa, inaandika `full`. Likija na ukurasa wa kuingia, kama kwenye Wi-Fi za hoteli, inaandika `portal`. Lisipokuja, `limited`. Kebo haijapimwa hapo, wala kasi.

2. Anzeni chini mpande. `cat /sys/class/net/enp3s0/carrier` (enp3s0 ni jina la kadi, wekeni la kwenu) ikijibu 1, waya uko hai, acheni koleo. Ikilalamika `Invalid argument`, kadi haijafa, imezimwa tu: `ip link set enp3s0 up`. Baada ya hapo `ip route` kuona njia, kisha `resolvectl status` kuona DNS inayotafsiri majina ya tovuti, kisha `curl -I` kwa tovuti yoyote ya https. Msitegemee ping peke yake, ofisi nyingi zinaizuia.

3. Poti 80, yaani namba ya mlango unaopitiwa na http, si tundu la waya; https hupitia 443. Hapa nitakaa kidogo, maana kisa hiki kinaniuma hadi leo. Kijana tuliyemtuma kwa mteja mmoja ni hodari, ana adabu, na mikono yake ni myepesi. Mashine ya mhasibu, Ubuntu, waya umechomekwa, ikoni ina alama ya kuuliza. Akabadilisha kebo. Akahamia tundu jingine la swichi. Akajaribu `apt update`, amri ya kusasisha orodha ya programu, ikagoma, akaamini kabisa kwamba mtandao umekufa. Akafanya bekapu, akafuta mashine nzima, akaweka Ubuntu upya kutoka kwenye flashi. Jioni imeingia, alama ni ileile. Mwisho akamwomba mhasibu awashe hotspot ya simu. Ikoni ikapona papo hapo, naye akaondoka roho yake imetulia.

Kesho yake mama wa watu akapiga simu, sauti imepanda: bando lake la mwezi limekwisha, na fiba ya ofisi inalipiwa.

Aliyesimamia fayawoli, kizuizi cha mtandao wa ofisi, alikuwa amefunga poti 80 kwenda nje, akaacha 443. Tovuti za https zilifunguka vizuri kwa waya. Kilichokwama ni ukaguzi wa NetworkManager, pamoja na apt, kwa sababu vyanzo vya kawaida vya Ubuntu huenda kwa http. Hakuna aliyefungua hata ukurasa mmoja wa kivinjari kuhakikisha. Na NetworkManager haiishii kuchora ikoni. Muunganisho ukifeli ukaguzi, inaongeza 20000 kwenye metriki (namba ya kipaumbele) ya njia yake kuu. `ip route` ilionyesha waya, ambao kwa kawaida hupewa 100, umesimama kwenye 20100, na Wi-Fi ya simu kwenye 600. Namba ndogo ndiyo inayoshinda. Kila faili la mhasibu lilipita kwenye simu yake, waya umechomekwa palepale. Yaani taarifa ya uongo ilikuwa imehamisha njia yenyewe!

Tiba: ombeni poti 80 ifunguliwe kwa anwani ya ukaguzi, au wekeni `uri=` na `response=` za seva yenu ya ndani kwenye `/etc/NetworkManager/conf.d/`. Msikimbilie kuzima ukaguzi kwenye laptopu za wanaosafiri, watakosa onyo la ukurasa wa hoteli.

4. `unmanaged`, yaani kadi isiyosimamiwa. Ubuntu Server hutumia msimamizi mwingine wa mtandao, systemd-networkd. Ukipakia mazingira ya desktop juu yake, NetworkManager inaona kadi lakini haiisimamii, na programu zinazoiuliza hali ya mtandao kupitia D-Bus, njia ya programu kuongea zenyewe, zinaweza kusema hakuna intaneti huku curl inafanya kazi. Tazameni `renderer` kwenye netplan, faili za mipangilio ya mtandao za Ubuntu, mchague msimamizi mmoja. Na kama mmeingia kwa mbali kupitia SSH, tumieni `netplan try`, inayorudisha mipangilio ya zamani msipothibitisha, nawasihi, sitaki kuamshwa usiku.

5. Mashine ikingoja dakika 2 inapowaka, ni systemd-networkd-wait-online inasubiri kadi isiyo na waya. Wekeni `optional: true` kwa kadi hiyo kwenye netplan.

6. `operstate`, faili la hali ya kadi, kuandika `unknown` kwa `lo` (kadi ya ndani ya mashine) au `tun0` (ya VPN) ni kawaida.

7. `nmcli networking connectivity` bila neno `check` mwishoni inakupa jibu la zamani, na ukaguzi wa kawaida hurudiwa kila sekunde 300. Wengi wenu mnarekebisha tatizo vizuri kabisa, kisha mnalivuruga tena mkidhani halijapona, kwa sababu hamkuandika neno hilo.

Mkinitafuta kwa msaada, nileteeni matokeo ya `ip -br addr`, `ip route`, `nmcli device` na `resolvectl status`. Nitajibu hata nikiwa kwenye daladala. Picha ya ikoni pekee msinitumie.