Ukumbi ni wa Nani

Mwanangu,

Umeniuliza kama uache kazi ya benki ujiunge na hicho kikundi cha maigizo. Babako ana jibu la neno moja, unamjua. Mimi nimejikuta nawaza Oktoba 1976, hata kazi yako nikaisahau.

Tulikuwa Kenya National Theatre, Nairobi, kwenye The Trial of Dedan Kimathi, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo kuhusu yule kiongozi wa Mau Mau, ulioongozwa na Seth Adagala. Mchezo ulipoisha waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, wakatupita katikati ya viti, nasi tukawafuata. Nilivua viatu vyangu vya kisigino nikavishika mkononi, tukatoka tukicheza hadi nje, ng'ambo kukiwa na hoteli ya Norfolk. Unajua ile baraza yake: hapo ndipo walowezi walipowafyatulia risasi watu wa Harry Thuku, mpinzani wa wakoloni, mwaka 1922. Na sisi hao, tunamwimba Kimathi!

Wiki iliyofuata nikamleta mamako mdogo kutoka nyumbani, amevaa vizuri, nimemsimulia njia nzima. Tukakuta ukumbi ni wa wengine. Watu wetu walikuwa wamepewa siku chache tu, kwa kuwa nafasi zilishawekewa bale na vichekesho vya Wazungu. Ukumbi wa kitaifa, miaka 13 baada ya uhuru! Ndiyo maana nasema, na najua mmechoka kunisikia: ukitaka kujua nchi ni ya nani, tazama nani anapewa ukumbi.

Ingawa hapo pia najipinga. Mchezo ule ulikuwa wa Kiingereza. Nyanyako angekaa pale kama bubu. Wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, kijiji cha kule Limuru, hawakungoja kupewa. Mwaka 1977 walijijengea jukwaa lao wazi, wakaigiza kwa Kikuyu maisha yao wenyewe, katika mchezo ambao Ngũgĩ alishiriki kuuandika. Novemba wakanyimwa kibali, mwaka ukiisha Ngũgĩ akawekwa kizuizini, na 1982 jukwaa likabomolewa. Mtu habomoi kitu kisichomtisha. Kwa hiyo labda niseme, nani anajenga ukumbi? Hapana, bado nani anapewa. Waliojenga si walibomolewa?

Ningekwambia uache... basi, sisemi. Mkopo wa shamba uko kwa jina lako. Waulize kwanza mtachezea wapi na ufunguo anashika nani, kisha unipigie Jumapili baada ya kanisa, babako akiwa amelala.

Mamako