OUT− si hasi ya betri: mzuie huyo fundi kabla ya Jumamosi

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Umeandika kwamba boti yako iko Mtwapa, una GPS moja, na unataka ilishe data redio ya VHF yenye DSC (kitufe kinachotuma mwito wa dharura pamoja na pahali ulipo), chati-plota (skrini ya ramani ya bahari) na otopailoti (usukani unaojiendesha). Kisha ukaandika kwamba Jumamosi fundi anakuja "kukusanya minus zote pamoja na kuzifunga kwenye hasi ya betri". Umeuliza pia antena ikae wapi na kifaa gani cha kutafutia samaki ununue, lakini hilo la minus ndilo litakalokula pesa zako. Mimi nimelilipia ubao mzima wa GPS, kwa maneno hayo hayo kutoka kwa fundi mwingine. Mwambie asiguse waya hata mmoja.

Fungua kitabu cha GPS, ukurasa wa nyaya. Utaona nyaya mbili za kutoa data: OUT+ na OUT−. Vitabu vingine huziita TX A na TX B. Hiyo alama ya minus haina undugu wowote na betri. Ni jina la waya wa pili katika jozi, basi. Nyaya zote mbili zinasukumwa na chipu iliyo ndani ya GPS: mmoja ukipanda, mwenzake anashuka. Chombo kinachosikiliza hakimpimi mmoja peke yake, kinapima tofauti iliyo kati yao. Ndiyo sababu data inafika safi hata waya ukipita karibu na injini.

Sasa tazama kinachotokea ukiufunga OUT− kwenye hasi. Wakati hakuna data inayopita, OUT− ndio unaosimama juu, kiasi cha volti 4 au 5 kutoka hasi ya betri, na OUT+ umelala chini. Kwa mwendo wa biti 4800 kwa sekunde, waya hupitisha herufi 480 kwa sekunde. GPS ikituma sentensi (mistari ya data) mbili tatu za herufi sabini hivi, haijamaliza hata nusu ya sekunde, na muda wote uliobaki waya umetulia, OUT− ikiwa juu. Maana yake umetengeneza shoti inayowaka zaidi ya nusu ya kila sekunde, tangu unapowasha swichi bandarini mpaka unaporudi. Msikilizaji mmoja anatakiwa avute kama miliampea 2 tu. Shoti hiyo yaweza kuvuta hadi 150. Chipu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, imelehemiwa ubaoni, na ubao umefungwa ndani ya kasha lisiloingia maji. Haibadilishwi kwa bisibisi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba itafanya kazi. Ndiyo, siku ile ya kwanza itafanya kazi vizuri kabisa! OUT+ bado unapanda na kushuka, redio itasoma, plota itaonyesha boti, fundi atakuonyesha skrini, utamlipa na ataondoka. Chipu inaendelea kuungua polepole. Zile zenye kinga ya joto zinajizima, zinapoa, zinarudi, ukadhani ni antena au kutu. Halafu siku moja inakufa, na skrini ya GPS yenyewe bado inaonyesha pahali ulipo bila kasoro, kwa sababu kilichokufa ni mdomo tu, si macho. Utahangaika na redio, utabadilisha plota, na ugonjwa uko kwenye GPS inayoonekana nzima.

Baharini hilo si suala la pesa tena. Redio za DSC huendelea kushika pahali pa mwisho zilipopokea. Kwa kawaida hulalamika baada ya muda wa saa 4, na hufuta pahali hapo baada ya muda wa saa 23 na nusu. Hesabu mwenyewe: data imekatika ukitoka mlangoni Mtwapa, saa tatu baadaye uko nje kabisa ya miamba, injini imezima, mkondo unakusukuma kaskazini. Unafunua kile kifuniko na kubonyeza kitufe chekundu. Meli inayoelekea Kilindini inapokea mwito wako kwenye chaneli 70, na namba zilizomo zinasema uko mlangoni Mtwapa. Watakutafuta pasipo wewe. Kwa hiyo fundi anaposema "minus ni minus, bwana, mimi nimefanya boti nyingi", mwambie akuonyeshe mstari huo kwenye kitabu. Hauko. Mimi sikumwambia hivyo wa kwangu, na hasira yangu haijapoa, maana mtu anayelipwa kwa kazi ya usalama wa watu hana ruhusa ya kukisia.

Uungaji wenyewe si mgumu. Msemaji mmoja, wasikilizaji wengi. OUT+ ya GPS inakwenda kwenye IN+ ya redio na IN+ ya plota. OUT− ya GPS inakwenda kwenye IN− ya redio na IN− ya plota. Hapo OUT− imefika mwisho wa safari yake, haigusi betri wala mwili wa injini. Nyaya za OUT za redio usiziingize kwenye fundo hilo kabisa, kwa sababu wasemaji wawili kwenye waya mmoja wanavutana, mmoja juu mwingine chini, na unarudi kwenye chipu iliyoungua. Kila waya usiotumika ukate mbalimbali na mwenzake na uuvike mpira wake wa kunywea kwa moto, mmoja mmoja. Usizizungushie tepu zote kwa pamoja.

Usifuate rangi. Buluu kwa mtengenezaji mmoja ni ya kutoa, kwa mwingine ni ya kuingiza. Chora jedwali lako mwenyewe kwenye karatasi: chombo, rangi, kazi. Lifunike kwa plastiki, libandike ndani ya mlango wa kisanduku cha fyuzi.

Kuna hali mbili zinazowachanganya watu, na ndizo zilizozaa huo uongo wa minus. Ya kwanza: GPS za zamani zina waya mmoja tu wa kutoa data, na data inarudi kupitia hasi ya umeme. Hapo, na hapo tu, IN− za wasikilizaji huenda kwenye hasi ya GPS hiyo. Ya pili ni kinyume chake: GPS ina OUT+ na OUT−, lakini redio ina IN moja tu na hasi. Unga OUT+ kwenye IN hiyo, hakikisha vyombo vyote viwili vinatumia hasi ya betri moja, na OUT− uiache hewani, imevikwa mpira. Hewani! Fundi wengi hapo ndipo wanapoona waya umebaki, mkono unawawasha, wanautia kwenye hasi.

Otopailoti iondoe kwenye fundo la GPS, iunge kwenye OUT ya plota. GPS inajua uko wapi na unakwenda wapi, inatuma hayo kwa sentensi ziitwazo RMC na GGA, lakini njia uliyoichora iko ndani ya plota. Otopailoti inataka sentensi za APB au XTE ili ijue umetoka nje ya njia kwa kiasi gani na upande gani. Ukiipa RMC peke yake itashika mwelekeo ila haitafuata njia, na utailaumu bure. Kwa redio, RMC inatosha kwa nyingi. Kwenye menyu ya vyombo vyote chagua NMEA 0183, ndiyo lugha ya data ya vyombo vya boti, mwendo 4800. Siku utakapotia AIS, chombo cha kuonyesha meli zilizo karibu, hiyo ni 38400 na inataka mlango wake peke yake.

Wasikilizaji wawili watatu kwenye GPS moja hawana shida. Wakizidi hapo nunua kigawanyi chenye umeme wake, kinachopokea mlango mmoja na kutoa kadhaa. Viungo vifanywe kwenye kanekta ya skrubu ndani ya kisanduku kikavu, kwa waya wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu kwa hewa yetu ya chumvi inageuka kijani kabla mwaka haujaisha. Redio ipate waya wake mnene na fyuzi yake kutoka betri, kwa sababu ikituma kwa wati 25 inavuta ampea 5 au 6. Ukiipitisha kwenye hasi nyembamba ya GPS, kila ukibonyeza kuongea GPS yaweza kuzimika.

Kabla ya kuunga chochote, washa GPS peke yake, weka tester kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye OUT−. Usome kama 4 au 5, na namba itikisike kila sekunde data inapopita. Andika namba hiyo. Unga redio, pima tena. Unga plota, pima tena. Itashuka kidogo. Ikianguka karibu na sifuri, zima swichi hapo hapo, kuna waya umekaa pahali pabaya.

Halafu tazama skrini ya redio ukiwa bado umefunga boti. Isome S na E, digrii 03 za kusini na dakika 50 na kitu, na 039 mashariki, sawasawa na GPS. Saa itakuwa nyuma kwa saa tatu mpaka uirekebishe, usishtuke. Zima GPS kwa makusudi uone redio inalalamika baada ya muda gani, ujue mlio huo ukiusikia baharini.

Kabla ya Jumamosi weka hapa picha ya ukurasa wa nyaya wa kila kitabu, vyote vinne, pamoja na namba uliyosoma kwenye OUT−. Kama GPS yako ni ya waya mmoja nitajua kwa kuangalia tu.