Farasi na rangi

Kuna wanaosema farasi anaona nyeusi na nyeupe tu. Hapana, si kweli. Rangi anaziona, ila chache kuliko sisi. Jicho lake lina aina 2 za seli za kutambua rangi, letu lina 3. Bluu na njano anazitenganisha bila shida. Nyekundu na kijani ndizo zinazomchanganya. Karoti ikidondoka kwenye majani mabichi, wewe unaiona toka mbali, yeye huenda akaipata kwa pua.

Uingereza walilifanyia kazi hili. Vizuizi vya mbio za farasi vilikuwa na alama za rangi ya chungwa, ambayo kwa macho yetu inawaka, lakini kwa farasi ilikuwa inapotelea kwenye nyasi. Baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, kuanzia 2022 wakaanza kuzibadilisha ziwe nyeupe.

Ila ukimwona farasi wako anaikwepa ndoo nyekundu, usiseme ameijua rangi. Pengine ni mng'ao wake tu, au imekaa mahali ambapo jana haikuwepo.